Moja, Nne, Tatu, Mbili

Mlima ulikataa kupanda sawasawa.

Sekela aliutazama kwenye skrini, kikombe cha chai kikipoa mkononi, akadhani ni macho yake. Alikuwa amekiingizia kipokezi umeme mdogo unaopanda polepole kutoka sifuri hadi juu, bila kuruka wala kusita. Mafundi huuita mlima, na jaribio lenyewe halina ujanja: ukiingiza mlima, utoke mlima. Huu wa leo ulitoka kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi. Ulianza chini, ukaruka juu sana, ukashuka kidogo, ukashuka tena, halafu ukaruka upya.

Wala hakuwa akitafuta kosa. Alikuwa amepewa kazi ya kuandaa kipokezi hicho, sikio la Kituo, kwa ajili ya maputo ya hali ya hewa, kazi ya kukipa shughuli kituo kilichozeeka. Kituo chenyewe kilisimama juu ya uwanda wa Kitulo, mahali ambapo ukungu huingia ofisini bila kubisha hodi na wahasibu huandika wakiwa wamevaa glavu. Zamani dishi lake kubwa lilikuwa na kazi moja tu, nayo ndiyo iliyompa Sekela ajira, ikampa mume, kisha ikampa ujane: kumsikiliza mtu mmoja ndani ya chombo kimoja cha angani, aliyekuwa akienda mbali kuliko mtu yeyote aliyepata kwenda. Mtu huyo aliitwa Ambokile, na mke wake alikuwa Sekela.

Aliweka kikombe chini, akazifungua namba zenyewe, maana picha inaweza kukudanganya lakini namba ni kavu.

Kipokezi kilikuwa na vipimaji vinne. Mawimbi kutoka angani huja kwa kasi ambayo kipimaji kimoja hakiiwezi, kwa hiyo vinne hupokezana, kama wanawake wanne wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukiinuka, wa mwenzake unatua, na hakuna anayemgonga mwenziwe. Kila kipimaji hupima, hutoa namba yake, humpisha anayefuata. Mwisho namba zote hupangwa kwenye mstari mmoja. Zikipangwa kwa zamu zilivyopimwa, unapata wimbi. Zikipangwa vinginevyo, unapata takataka, na ubaya wa takataka hizo ni kwamba zinafanana mno na mvumo wa anga tupu.

Sekela alizifuata namba kwa ncha ya kidole. Moja, nne, tatu, mbili. Tano, nane, saba, sita. Kipimaji cha pili na cha nne vilikuwa vimebadilishana nafasi kwenye mstari. Vilikuwa vikipima vizuri kabisa. Ila kadi iliyobeba vipimaji ilikuwa ikizitoa namba zao kwa mpangilio wa kwake, na mafundi wa Kituo waliendelea kuzipokea kwa mpangilio wa kadi ya zamani.

Kadi hiyo ilifungwa mwaka wa radi. Radi ilipiga dishi, kadi ya kwanza ikaungua, wakafunga nyingine ya toleo jipya. Na ni mwaka huohuo Ambokile aliponyamaza.

Alivuta kiti akaketi.

Jambo lililomfanya asiamini ni Jogoo. Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, Kituo humwamsha Jogoo. Ni noti moja ya sauti, nyembamba, isiyopanda wala kushuka. Kwanza huingizwa kwenye kipokezi ili kuona kama sikio ni zima, na ikitoka safi ndipo mtu wa zamu hubonyeza kitufe ikarushwa angani. Ambokile mwenyewe ndiye aliyeiomba kabla hajaondoka. Maneno yanataka kulengwa, na hulengwa kwa kufuata sauti ya chombo; noti moja inaweza kutawanywa kwa upana na bado ikafika. Kwa hiyo walikubaliana: Jogoo akiwika, maana yake sikio ni zima, tunakusikia. Sikio likiwa bovu, Jogoo hawiki.

Na Jogoo hakukosa kuwika hata siku moja, hata baada ya matanga, kwa kuwa hakuna aliyeagiza akome.

Waanzilishi wa Kituo waliichagua noti ile kwa uvivu wa kifundi, uvivu ule unaoitwa busara mpaka siku utakapowatia watu hasara. Walitaka kila wimbi lake lipimwe mara nne tu, mara moja kwa kila kipimaji, ili mtu aone nukta nne kwenye skrini na kuridhika. Sekela sasa alichukua kalamu akazichora nukta hizo: kati, juu, kati, chini. Akabadilisha ya pili na ya nne. Kati, chini, kati, juu. Lilikuwa wimbi lilelile, limepinduka tu, safi kama lililonyooka. Jogoo ndiye sauti pekee ambayo kosa lile lisingeweza kuigusa, na ndiye waliyemtumia kulitafuta.

*

Rekodi ghafi zote, ambazo kipokezi huziandika chenyewe usiku na mchana, zilikuwa ghalani. Hakuna aliyezifuta, si kwa kuwa mtu alikuwa na tumaini, ila kwa kuwa kufuta kunahitaji saini na hakuna aliyetaka kuitia. Sekela alizitoa, akaandika amri fupi ya kuzirudisha namba kwenye zamu zake, akavaa vipokea sauti masikioni. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya pareto. Mvumo ulisikika kidogo, kama mchele unaopepetwa, halafu ukakatika.

“Seke,” alisema Ambokile.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Alikuwa amezika koti lake la bluu mahali pa mwili, akakaa matanga, akanyolewa nywele, akavua weusi. Alikuwa ameolewa tena na mtu mwema, akazaa. Yote hayo alikuwa ameyafanya kwa moyo mnyofu, na sasa yote yalikaa kando kama wageni waliofika nyumba isiyo yao.

“Nimemsikia Jogoo leo, amewika vizuri. Najua si wewe unayebonyeza, wewe una usingizi mzito. Lakini huku niliko hakuna wa kunibishia, kwa hiyo nimeamua ni wewe.”

Akasikiliza mpaka mchana, akasikiliza siku iliyofuata na iliyofuata. Wenzake walidhani bado anahangaika na maputo. Ambokile alizungumza habari za mfumo wa hewa, na nyanya alizojaribu kuotesha zikawa ndogo kama pilipili mbuzi. Aliuliza kama mama yake bado anakataa kuvaa soksi. Aliuliza kama paa la jikoni limezibwa, maana aliliacha linavuja na lilikuwa likimsumbua. Kisha maswali yakaanza kuwa mengine. Kwa nini hamsemi. Labda umeme wa kutuma maneno umepewa kazi nyingine, naelewa. Labda Kituo kimebaki na mtu mmoja wa kubonyeza kitufe. Lakini mnanisikia, hilo halina shaka, Jogoo ananiambia kila asubuhi, na mtu mwenye wa kumsikiliza si mpweke kabisa.

Kadiri miaka ilivyokwenda alipunguza maneno. Hakuwa na hasira. Sekela angependa awe nayo. Alikuwa akimwelewa, akimsamehe kwa jambo ambalo hakulifanya, na hilo ndilo lililomkata maini.

Rekodi ya mwisho ilikuwa imeingia wiki ileile. Neno la Ambokile lilichukua karibu nusu mwezi kufika, kwa hiyo lilikuwa bado bichi.

“Kabla ya mvua zenu za kwanza nitafika pale pa kugeuzia. Mafuta yanatosha jambo moja kati ya mawili: kurudi, au kuendelea mpaka kwenye ile dunia ya barafu iliyo mbele yangu na kubaki hukohuko. Sikuulizi kwa nini ulinyamaza, Seke. Nataka neno moja tu. Kama kuna anayeningoja, nitageuza. Kama hakuna, nitaendelea, na usijilaumu, kuna mengi ya kutazama huku.”

Sekela aliangalia dirishani. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka, na wale wenye mashamba walikuwa wakitazama juu, wakingoja mvua. Ukiondoa muda wa neno kusafiri, alikuwa na siku chache za kujibu.

*

Mkuu wa Kituo, Dokta Eliwaza Chaula, alikuwa mama wa mwili mkubwa na sauti ndogo, mtu asiyependa habari ya kumshtua kabla ya chakula cha mchana. Sekela alimwamkia, akamvisha vipokea sauti. Dokta alisikiliza amesimama. Alipovivua aliomba maji.

Hakujaribu kuficha kosa, ni haki hilo lisemwe. Alisema wizara itaambiwa, magazeti yataambiwa, na kama kuna wa kufukuzwa kazi ataanza na yeye mwenyewe. Lakini hayo ya kesho. Leo kuna mtu yuko hai na anaelekea mahali asipoweza kurudi, na kinachoweza kumgeuza ni neno moja kutoka kwa mwanamke mmoja.

“Mwambie unamngoja,” alisema Dokta.

Sekela alimkumbusha kwamba ana mume, na mume huyo yuko hapo nje akitia mafuta jenereta.

“Najua. Nilikula pilau ya harusi yenu. Lakini fikiri, mwanangu. Atakapofika utakuwa bibi, na huyo binti yako Atupele atakuwa na watoto wake. Nani atakudai neno la leo?”

“Yeye, Dokta.”

“Atadai akiwa hai. Ukimwambia kweli hatadai kitu, atakuwa amekufa peke yake kwenye barafu. Ni uongo gani huo mbele ya roho ya mtu?”

Tuseme kweli, Sekela hakutafuta sana jibu la kupinga. Neno lile lilikuwa tamu. Alijiona akilisema. Alimwona Ambokile akigeuza usukani, akicheka peke yake, akianza kuhesabu njia ya kurudi, na kwa muda mfupi alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu avue weusi. Kisha akaiona ile safari yenyewe, mtu akiisafiri miaka yote kurudia nyumba ambayo haipo, akisema naye kila siku kama mkewe, na yeye akimjibu kila siku kama mke. Uongo ule usingesemwa mara moja tu. Ungelazimika kusemwa kila asubuhi, pamoja na Jogoo.

Alimwomba Dokta ampe mpaka kesho yake.

*

Lugano, mumewe, alikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi. Binti yao Atupele alikuwa akiyakusanya maganda na kuyapanga kwenye ukingo wa sufuria kwa utaratibu anaoujua mwenyewe. Lugano alikuwa fundi wa umeme wa Kituo, mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mizito. Zamu ya alfajiri ilikuwa yake tangu zamani. Yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha Jogoo.

Sekela alimweleza yote. Hakumficha hata lile la Seke. Kisu cha Lugano kilisimama kwenye kiazi cha tatu na hakikuendelea.

“Kadi ile uliifunga wewe,” Sekela alisema.

“Niliifunga mimi.”

“Ulijua?”

Lugano alimtazama. Atupele naye aliacha maganda akawatazama wote wawili.

“Jogoo aliwika, mama Atu. Wewe mwenyewe ulikuwa umesimama pembeni yangu, ukaziona nukta nne, ukasema safi. Sikujua. Lakini kama unaniuliza kama nilitaka anyamaze, hilo ni swali jingine, na nakuomba usiniulize.”

Hakumwuliza. Aliketi chini kwenye nyasi baridi, akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja. Wanandoa wengine hugombana ili mambo yapungue uzito. Hawa walikuwa na desturi ya kumenya viazi. Baada ya muda alimweleza ushauri wa Dokta. Alitegemea Lugano atakasirika, na alikuwa amejiandaa kumtetea yule mama.

“Anachotaka useme si uongo mtupu,” Lugano alisema. “Ukimwambia unamngoja, nusu yake itakuwa kweli. Hiyo nusu ndiyo ninayoiogopa mimi. Nimeishi nayo. Kuna siku unakaa dirishani, na mimi najua huangalii mvua.”

Sekela alitaka kukataa. Aligundua hana la kukatalia, na ikamuuma kwamba mtu huyu alikuwa amelijua hilo siku zote na bado kila jioni alikuwa akimwekea maji ya moto ya kuoga. Alimpenda wakati ule kwa namna ambayo hakuwa amempenda siku ya harusi. Na bado alikuwa na hamu na yule mwingine. Hamu haikupungua hata punje. Vitu viwili hivyo vilikaa ndani yake bila kugombana, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inawezekana.

Alimwomba awepo chumbani atakapotuma. Lugano alisema ni maneno ya watu wawili, yeye hayamhusu. Sekela akasema yanamhusu, kwa sababu yeye yumo ndani yake.

*

Walituma mchana wa kesho yake. Sasa kwa kuwa walikuwa wakikisikia chombo, dishi lilijua pa kulenga; liligeuka taratibu, likalia kwenye mhimili wake, likasimama. Dokta Chaula alikaa karibu na mlango, amejifunika khanga juu ya koti. Alikuwa amekubali, kwa shingo upande, kwamba neno ni la mwenyewe. Lugano alisimama ukutani.

Sekela hakuwa ameandika kitu.

“Ambokile, ni mimi, Seke. Hatukukusikia. Tangu mwaka wa radi hatukusikia hata neno lako moja. Sikio lilikuwa linazipanga namba vibaya, na Jogoo tuliyemwamini hakuweza kutuonyesha. Kosa ni letu. Tulidhani umekufa, tukalizika koti lako la bluu. Mama yako alitangulia mwaka uliofuata, akidhani anakufuata. Mimi nimeolewa. Ni Lugano, unamkumbuka, yule wa jenereta. Tuna binti, jina lake Atupele. Na anayebonyeza Jogoo kila asubuhi ni yeye Lugano.”

Dokta aliinamisha kichwa, maana alijua chombo sasa kimepotea.

“Kama unalotaka ni neno la mke anayekungoja, hilo sinalo. Kulisema ingekuwa rahisi, na ulistahili nikupe kitu kilicho bora kuliko rahisi. Lakini nimesikiliza yote uliyosema, ya miaka yote, sikuruka hata moja. Paa la jikoni lilizibwa. Nyanya zako nimezicheka. Nina hamu nawe, Ambokile, nalisema hili mume wangu akiwa amesimama hapa. Ukigeuza, hapa kuna watu, kuna viazi, kuna baridi unayoijua, na hakuna atakayekufungia mlango. Ukiendelea, endelea kusema, tutakusikiliza mpaka mwisho wa sauti yako. Amua unavyotaka. Ila usiamue kwa sababu ya ukimya wangu. Sikunyamaza. Nilikuwa nakulilia.”

Alizima kinasa sauti. Neno liliondoka, na hakukuwa na cha kufanya ila kungoja nusu mwezi liende na nusu mwezi jibu lirudi, ikiwa kuna jibu. Dokta Chaula alimkumbatia bila kusema amekosea au amepatia, akaenda kuipigia simu wizara.

Jioni hiyo ilinyesha mvua, ndogo tu, ya kulowanisha vumbi, bado si zile za msimu. Sekela alikaa dirishani, na Lugano akamletea maji ya moto.

*

Asubuhi aliamka mapema, jambo la ajabu kwake, akamfuata mumewe ofisini. Lugano alikuwa tayari ameketi mbele ya skrini. Hakuanza na Jogoo. Alianza na mlima, kama Sekela alivyomwelekeza, akauangalia ukipanda hatua kwa hatua, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka. Aliurudia mara ya pili. Mwanamume yule hataiamini mashine tena maishani mwake, na hakuna wa kumlaumu.

Aliporidhika alimwingiza Jogoo, nukta nne zikakaa mahali pake. Kisha akainuka kwenye kiti.

“Leo bonyeza wewe,” alisema.

Sekela aliuliza kwa nini, zamu ni yake.

“Ulimwambia ni mimi, na ni kweli. Lakini neno hilo bado liko njiani. Mpaka limfikie, yeye alishaamua ni wewe.”

Sekela alikaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mumewe. Katika miaka yote ya Kituo hakuwahi kukigusa kitufe kile. Akakibonyeza, na Jogoo akawika, noti moja, nyembamba, ikapita juu ya pareto na ukungu ikaenda zake. Alikishikilia kupita muda uliowekwa, na Lugano hakumwambia aachie.